Siku ya Kuona Viboko

Gaspar alifika mbele ya gesti ya Marsela, pale Majengo, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, na hakuzima injini. Aliiacha Land Rover ikitetemeka peke yake barabarani, akaja mlangoni kumsalimia mteja wake, Nyanzala. Nyanzala alimuuliza kwa nini anachoma mafuta bure. Gaspar alieleza kwamba selfu ilikufa tangu mwezi wa nne. Gari likizimika linataka wanaume wanne wa kulisukuma, na huko wanakokwenda wanaume wanne hawapatikani, labda wenye mikia. Kwa hiyo likiwaka asubuhi huzimwa jioni, akiwa nyumbani kwake.

Nyanzala alilitia hilo akilini, akapanda.

Kwa Gaspar yeye alikuwa Mama Suzana, karani kutoka Mwanza, aliyekuja Mpanda kusalimia ndugu akaona aibu kurudi kazini bila kuona wanyama. Maneno hayo ndiyo aliyompa Marsela ili amtafutie dereva, na Marsela hakuwa na sababu ya kuyatilia shaka. Alimsifia Gaspar tangu jana yake jioni: mtu wa kanisa, kiongozi wa kwaya, hanywi, hatukani abiria.

Ukweli ulikuwa mwingine. Nyanzala alikuwa koplo wa upelelezi Tabora, yuko likizo, na mdogo wake wa tumbo moja, Malale, alipotea Mpanda mwaka uliopita, Septemba ya mwaka tisini na tano. Kwa kuwa ni ndugu, hakuruhusiwa kulishika jalada la kesi. Alikuwa amelisoma mara moja tu, akiwa amesimama, na lilimtosha.

Malale alikuwa mfugaji wa Kasekese. Siku ile alikuja mjini kung'oa jino. Muuguzi Verdiana alieleza kwamba gego lilikuwa la chini, upande wa kulia. Alimjaza pamba, akamwonya kwamba ganzi ikiisha afunge mdomo, asiongee na mtu mpaka kesho yake, la sivyo damu itarudi. Malale, kwa ulimi mzito, alimwambia muuguzi kwamba kabla ya kurudi kwa ng'ombe atakodi gari akaone viboko, maana kijijini wenzake wote wameshawaona isipokuwa yeye. Mlinzi wa geti alimwona mchana ule akipanda Land Rover ya kijani. Hakuna mtu mwingine aliyemwona tena. Mama yao alikataa kuweka matanga. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajaonyeshwa alipolala.

Majengo kulikuwa na Land Rover mbili za kijani za kukodi, ya Zablon na ya Gaspar. Siku zake za mwanzo Nyanzala alizipoteza kwa Zablon. Huyo alikuwa mkorofi anayejulikana, amewahi kufungwa kwa kupiga abiria, na aliposikia kuna mwanamke anaulizia gari lake alitoroka mji. Nyanzala alimfuata mpaka Kasekese, akamkuta amejificha kwa shangazi yake. Alikuwa anawakimbia wakwe zake, akidhani mwanamke huyo ametumwa nao. Na Septemba ile gari lake halikuwa na injini. Fundi alisema hivyo, jirani akasema hivyo, na mke wa Zablon, ambaye hakuwa na neno jema hata moja kwa mumewe, alisema hivyo pia: injini ilikuwa chini uani, imefunikwa turubai, mwezi mzima.

Akabaki Gaspar. Maelezo yake polisi yalikuwa mafupi. Siku ile alikuwa juu ya paa la kanisa akipiga bati pamoja na waumini, mtu huyo hajawahi kumbeba na wala sura yake haijui. Waumini walikubali kwamba alikuwepo. Nyanzala alipowadadisi, mmoja mmoja, kama mgeni anayetaka kuchangia paa hilo, waligundua kwamba wanamkumbuka asubuhi. Mchana hakuna aliyekuwa na hakika.

Hilo lilikuwa jambo la kutilia shaka, lakini si ushahidi. Ndipo akaamua kumkodi. Dereva wa siku nzima lazima azungumze na abiria wake.

Walitoka mjini kuelekea Sitalike. Gaspar aliendesha vizuri, bila papara. Alikuwa amefunga kopo la chuma pembeni mwa kioo, ndani yake kinyesi cha tembo kinafuka moshi wa kufukuza mbung'o, na moshi ule uliwaliza machozi wote wawili. Wakiwa bado hawajafika mbali alimuuliza mama ni mtu wa wapi hasa.

"Msukuma."

"Basi Mungu ananipenda," Gaspar alisema. "Mimi Mfipa. Leo nimempata mtumwa wangu, na bado ananilipa."

"Mtumwa ni wewe unayeendesha. Mimi si nimekaa?"

"Umekaa kwa sababu hujui kuendesha. Nyie mkiona usukani mnatafuta pembe zake ziko wapi."

Nyanzala akamwambia aendeshe kimya asije akamwitia radi za kwao. Gaspar alijibu kwamba radi ina gharama zake, Msukuma hawezi kupotezewa radi. Wakacheka. Kuanzia hapo njia ikawa fupi. Mtani anapewa ruhusa ya kusema chochote, na mtani mwenye kipaji hataki kusema tu, anataka kuigiza. Gaspar alikuwa na kipaji. Aliigiza Msukuma akijaribu viatu vipya dukani. Aliigiza Msukuma kanisani, anayesimama wenzake wakikaa. Nyanzala alicheka kwelikweli. Kila alipomaliza kucheka alitupia utani mwingine ili aigize tena.

Walisimama mtoni, mahali ambapo kiangazi kilikuwa kimebakiza dimbwi moja la tope. Viboko walikuwa wamebanana humo mpaka maji hayaonekani, wanasukumana na kukoroma, migongo imepasuka kwa jua. Injini ilinguruma. Gaspar aliinama juu ya usukani, akawaangalia, akaanza kucheka peke yake.

"Kuna mwenzenu mmoja nilimleta hapa. Mtani, ungemwona."

Alivuta sikio lake la kushoto. Kisha akaweka kiganja kwenye taya la kulia, akainua kidevu, akaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni: "Ng'ombe wote hawa, mchungaji wao amekwenda wapi?" Akageuka dirishani, akajifanya anatema mate, akapangusa mdomo kwa mkono wa shati, akavuta sikio tena.

Nyanzala alicheka. Alijilazimisha kucheka kwa muda uleule aliocheka kwa yule wa viatu.

Malale alivuta sikio la kushoto kila alipotaka kusema jambo la kuchekesha, tangu ana meno ya utoto. Hilo peke yake lingetosha kuonyesha kwamba Gaspar alimjua mtu aliyeapa hamjui. Lakini mdomo ule ulisema zaidi. Asubuhi ya siku ile Malale alikuwa na jino lake. Baada ya siku ile hakuonekana. Mtu aliyemsikia akiongea vile alimsikia kati ya kiti cha muuguzi na pale alipoishia.

"Alikuwa na nini mdomoni?" aliuliza.

"Ametoka kung'olewa jino. Anatema damu kwenye mlango wangu. Nikamwambia mtani, tema mbali, hili gari si zizi."

"Ulimtembeza wapi?"

"Huku huku tu."

"Basi na mimi nipeleke kote ulikompeleka. Sitaki Msukuma mwenzangu anizidi."

Gaspar alisema njia ya mbele ni mbaya, kuna korongo, gari litachemka. Nyanzala alimuuliza kama Wafipa wameanza kuogopa makorongo. Dereva alitazama saa, akatazama abiria wake, akaingiza gia.

Kwa muda mrefu waliendelea bila utani. Nyika ilikuwa kavu, mivumo, ile mitende mirefu ya porini, imesimama mmoja mmoja, mbung'o wanagonga vioo. Mshale wa joto ulipanda. Nyanzala aliuona, na alijua Gaspar anauona. Dereva mzoefu wa gari bovu husimama mapema. Gaspar hakusimama. Mvuke ulianza kutoka kwenye boneti, na bado alikanyaga mafuta, macho mbele, kana kwamba kuna mtu anawakimbiza. Walipofika kwenye korongo kavu lenye mawe meupe, gari lenyewe likakataa mlima. Akavuta breki ya mkono, akaacha injini inaunguruma, akashuka na dumu la maji.

"Hapa usishuke," alisema bila kumwangalia. "Hapa pabaya."

Nyanzala alisubiri. Alimwacha afungue boneti, amimine maji kidogo kidogo, afunge boneti. Gaspar alipopita kwenda kulirudisha dumu nyuma chini ya turubai, Nyanzala alihamia kiti cha dereva, akashusha komeo za milango yote miwili, akaachia breki. Jeshi la Polisi lilimfundisha kuendesha magari mabovu kuliko hilo. Kitu kimoja tu kilimtia hofu, nacho ni klachi. Akikosea gari likazimika, watabaki pale wote wawili.

Gari lilisogea hatua chache, likasimama, mguu wake ukiwa juu ya klachi. Gaspar alitembea kulifuata, anatabasamu.

"Mtani, huo sasa si utani. Simba wapo."

Kioo cha dirisha kilikuwa cha kuteleza. Nyanzala alikiacha wazi upana wa kiganja, akamwonya kwamba akijaribu kupanda nyuma ataliondoa gari.

"Malale alikuwa anavuta sikio hivyohivyo akiwa mdogo," alisema. "Mimi ndiye dada yake."

Tabasamu la Gaspar lilibaki usoni kwa muda, halafu likaondoka. Alisema hamjui Malale. Nyanzala alimweleza, kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo mbele ya hakimu, jino liling'olewa lini, nani aliling'oa, nani alimwona akipanda gari, na kwa nini hakuna siku nyingine duniani ambayo Gaspar angeweza kuusikia mdomo ule. Gaspar akasema Wasukuma wanaong'olewa meno ni wengi. Nyanzala aliachia klachi kidogo. Gari likasogea. Gaspar akatembea. Akasimamisha, Gaspar akasimama. Walifanya hivyo mara kadhaa, na kila mara Gaspar alizidi kukaribia mlango na kuzidi kugeuka nyuma.

"Wewe ni polisi," alisema hatimaye.

"Niko likizo."

"Hata nikisema hapa, umenitishia. Hakimu hatayapokea."

"Maneno yako siyataki. Nataka alipo."

Gaspar alishika kioo cha pembeni kwa mikono miwili. Alianza kusema akiwa ameinamisha kichwa, na Nyanzala hakumsaidia kwa swali hata moja. Siku ile mchana, baada ya viboko, alikuwa na mzigo wa kuchukua porini. Watu waliutoa kwenye nyasi, wakautupa nyuma ya gari mbele ya macho ya abiria. Zilikuwa pembe za tembo. Alidhani Msukuma wa ng'ombe hatajali. Kabla ya hapo mtu yule alikuwa anaongea na kucheka na kutema damu. Baada ya hapo akanyamaza.

"Hakusema atanishtaki. Angesema ningejua la kumwambia, tungeelewana. Alikaa tu ananiangalia, njia nzima. Nikimuuliza, anatikisa kichwa. Mtu akikunyamazia hivyo amekwisha kukupeleka polisi."

"Ganzi ilikuwa imeisha," Nyanzala alisema. "Muuguzi alimwambia ganzi ikiisha afunge mdomo, asiongee na mtu mpaka kesho."

Gaspar aliinua uso.

"Endelea."

Walifika kwenye korongo hili, alisema. Malale alimwonyesha kwa mkono kwamba anataka maji ya kusukutua. Alishuka na kikombe. Gaspar akaondoka.

"Alipiga kelele?"

"Hapana. Alikimbia nyuma ya gari ameshika shavu. Nadhani alifikiri nafanya utani."

Nyanzala alitazama mbele. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya gia, na gia ilikuwa inatetemeka pamoja na injini. Aliuliza kilichofuata. Gaspar alisema usiku hakulala. Asubuhi alirudi, amekusudia kumchukua, Mungu ni shahidi. Alikuta kilichobaki. Askari wa wanyamapori hupita njia ile, akaogopa, akakikokota mpaka kwenye shimo lililochimbwa na muhanga na kupanga mawe juu.

"Tembea," Nyanzala alisema. "Mimi nakufuata."

Gaspar alitembea mbele ya gari, akaacha njia, akaingia kwenye nyasi zilizoungua. Alikuwa anatembea haraka, kichwa kinageuka kulia na kushoto. Nyanzala alimfuata kwa gia ya kwanza, akikwepa visiki. Panga la dereva alikuwa ameshalitoa chini ya kiti na kuliweka kwenye mapaja. Kwa mbali, kwenye kivuli cha mivumo, simba majike wawili walikuwa wamelala. Mmoja aliinua kichwa kuusikiliza mlio wa gari, akabaki amekiinua.

Shimo lilikuwa chini ya kichuguu. Gaspar alipiga magoti, akaondoa mawe haraka kwa mikono mitupu, mengine akiyatupa mpaka yakagonga bampa. Nyanzala alisogeza gari mpaka akaweza kuona ndani kutoka dirishani. Aliona kandambili za matairi zilizoshonwa kwa waya wa shaba, kama anavyozishona baba yao. Aliona kitambaa, na chini ya kitambaa aliona vingine. Hakushuka. Aliangalia kwa muda aliotaka kuangalia. Kisha akamwambia Gaspar ayarudishe mawe vilevile alivyoyakuta, asibadili kitu, maana watakuja watu na daktari, na akate kuti la mvumo alisimike juu ya kichuguu lionekane kutoka njiani. Alimpitishia panga dirishani kwa kazi hiyo, na alipomaliza akamwamuru alitupe mbali. Gaspar alilitupa.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande. Gaspar alikuja mpaka mlangoni, akashika kitasa, akakuta kimefungwa. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Nimekuonyesha," alisema. "Nifungulie."

Nyanzala aligeuza gari kwa uangalifu, mbele, nyuma, mbele, mpaka likaelekea njiani. Gaspar aligeuka nalo, hakuliachia hata mara moja. Alipomwona anaingiza gia alianza kusali kwa Kifipa, halafu akaacha kusali akaanza kumwita. Alimwita mama, akamwita dada, akamwita afande. Alisema ana mke na watoto watatu wadogo. Alisema atakiri popote atakapopelekwa. Nyanzala aliachia klachi.

Gari lilikwenda. Kwenye kioo cha pembeni alimwona anakimbia, kwanza kwa mwendo wa mtu mzima mwenye heshima zake, halafu mikono ikirukaruka, mdomo wazi. Nyuma yake wale simba walikuwa wamesimama wote wawili. Hawakuwa wanamfukuza. Walikuwa wanaangalia tu. Nyanzala alibadilisha gia, akaingia njiani, akavuka korongo, akapandisha upande wa pili. Huko juu akasimama, mguu juu ya klachi, na kusubiri.

Ilimchukua Gaspar muda kufika. Alipofika alilaza kifua juu ya boneti ya moto, na hakusikia joto lake.

Nyanzala alitoa pingu mkobani, akamrushia dirishani. Alimwagiza apande nyuma, afunge mkono mmoja, upande mwingine aufunge kwenye bomba la turubai, avute asikie chuma kinavyokaza. Gaspar aliziokota. Alipanda. Mlio wa pingu ulisikika mara mbili, na bomba likatikisika alipovuta.

Kulikuwa na dirisha dogo kati ya kiti cha dereva na nyuma, limewekwa wavu. Gaspar alisogeza uso pale. Alikuwa anahema, na sasa alikuwa analia pia.

"Mungu akubariki, dada. Nilidhani umeniacha."

"Simba wangekumaliza leo leo," Nyanzala alisema. "Mimi nataka uzeeke."

Akaachia klachi taratibu, gari lisizimike, akashika njia ya kituo cha askari wa wanyamapori.